Kukifumbua Kipindi Barazani: Mwongozo wa Kujadili Ishara na Nadharia za Tamthilia ya Kisayansi

Mombasa ni mji uliolelewa na mafumbo. Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840, aliacha mashairi ambayo msikilizaji hana budi kuyamenya ganda baada ya ganda, na desturi ya majibizano ilimtaka anayejibu alifuate shairi la mwenzake, si kuruka na lake. Kanga za mama zetu zinasema kwa mafumbo hadi leo. Kwa hiyo vijana wanaokusanyika Kibokoni, Tudor au Kisauni kubishana juu ya maana ya kipindi cha tamthilia ya kisayansi hawaanzi jambo geni. Kinachokosekana mara nyingi ni nidhamu ya wafumbuaji wa zamani, ya kulirudia fumbo lenyewe kabla ya kutoa jibu. Ubishi hunoga saa nzima kisha hukwama, kwa sababu watu wawili wanasemea picha mbili tofauti walizobaki nazo kichwani, na hakuna aliyerudisha nyuma kutazama.

Mwongozo huu ni kwa kundi linalotaka kukaa usiku mmoja na kukichambua kipindi kimoja kwa haki. Mfano nitakaoutumia ni “The Constant”, kipindi cha tano cha msimu wa nne wa tamthilia ya Lost, kilichoonyeshwa mara ya kwanza na kituo cha ABC huko Marekani tarehe 28 Februari 2008. Nimekichagua kwa sababu kinajitosheleza, kimejaa ishara, na baadhi ya nadharia zake zilikuja kupata jibu baadaye, kwa hiyo zinapimika. Nitayataja mambo yake waziwazi, pamoja na machache ya msimu wa tano. Ambaye hajakiona na angependa kukiona kwanza, akakione kisha arudi.

Kwa ufupi: Desmond Hume, Mskoti aliyekwama kisiwani, anapanda helikopta kuelekea Kahana, meli ya mizigo iliyo nje baharini. Njiani wanaingia dhorubani na akili yake inaruka. Mwili uko Desemba 2004, fahamu ni ya mwaka 1996 alipokuwa askari katika jeshi la Uingereza. Anayumba kati ya nyakati hizo mbili, na kila mruko unamsogeza karibu na kifo. Mwanafizikia Daniel Faraday, aliyebaki kisiwani, anamwagiza kwa simu akamtafute Faraday wa mwaka 1996 kule Oxford. Huko anaambiwa kwamba ili apone anahitaji kitu kimoja thabiti, kilichopo katika nyakati zote mbili na anachokipenda kwa dhati. Anamchagua Penny, mwanamke waliyeachana. Mwaka 1996 anamwomba namba ya simu na kumwahidi kwamba hatampigia mpaka mkesha wa Krismasi wa 2004. Miaka minane.

Hatua ya kwanza: kipindi kimoja, na mjue nani amefika wapi

Msijaribu msimu mzima. Wala msianzie kipindi cha mwisho cha tamthilia, kwa kuwa hapo kila mtu huja na hukumu yake tayari. Tafuteni chenye kitendawili kimoja kikubwa na chenye mwanzo na mwisho wake.

Watu watano hadi wanane wanatosha. Kabla ya siku yenyewe, muulizeni kila mmoja amefika msimu gani. Hili lina uzito kuliko linavyoonekana, maana aliyetangulia anaweza kuivujisha siri bila kutamka neno, kwa kutabasamu tu wenzake wanapopotoka. Katika kipindi hiki, panya wa maabara ya Faraday anaitwa Eloise, na aliyeuona msimu wa tano anajua jina hilo ni la nani. Mtu huyo msimfukuze. Mpeni kazi ya kushika rimoti na kuandika daftari, naye akubali kwamba usiku huo hatatoa nadharia. Ni kazi ya heshima, na inamfaidi yeye mwenyewe, kwa sababu anaona jinsi kidokezo kinavyowapita watu wenye macho mazima.

Kama kuna shangazi au ami ambaye hajawahi kutazama tamthilia za aina hii, mkaribisheni kwa moyo mkunjufu. Atauliza yale ambayo nyinyi mmeshayazoea hata hamyaoni. “Huyu ni mgonjwa, au ni mwaka uliogeuka?” ni swali la kukifungulia kipindi hiki kuliko maelezo marefu ya mtu aliyebobea.

Kipindi kina dakika kama 43. Ukijumlisha kutazama mara mbili, kusimamisha na kuzungumza, mtahitaji saa tatu na ushei, kwa hiyo Jumamosi baada ya Isha panafaa. Kipakueni mapema na mchaji vyombo vyote, msiwe watumwa wa intaneti wala wa stima. Kahawa tungu na mihogo vije kati ya utazamaji wa kwanza na wa pili.

Hatua ya pili: tazameni mara mbili

Mara ya kwanza ni kimya, bila kusimamisha, simu zikiwa mbali. Kipindi hiki kimeundwa kikukoroge: kinakata ghafla kutoka melini hadi uwanja wa gwaride, ili mtazamaji apotee pamoja na Desmond. Ukikisimamisha ili mtu aeleze, umeiua athari hiyo, na athari ni sehemu ya maana. Kikiisha, kila mmoja aandike kwenye karatasi yake jambo moja lililomgusa na moja lililomtatiza. Aandike kabla hajasikia la mwenzake. Mtu akishasikia neno la mwenye sauti kubwa, lake mwenyewe humponyoka.

Mara ya pili ni kwa kusimamisha. Washeni maandishi ya chini ya skrini, kwa sababu lafudhi ya Kiskoti ya Desmond huwatoka wengi masikioni. Lakini maandishi hayo mara nyingine hufupisha, kwa hiyo hoja ikitegemea neno moja, rudisheni mlisikie kutoka kinywani mwa msemaji.

Katika nyumba nyingi za Mji wa Kale wanaume hukaa barazani na wanawake ndani. Msilihesabu hilo kuwa kikwazo, kwani linawapa kitu ambacho kundi moja haliwezi kukipata: macho mawili yasiyoambukizana. Kila upande utazame wenyewe na uandike daftari lake, kisha madaftari yabadilishwe. Kilichoonwa na pande zote mbili bila kuambiana kina nguvu. Kilichoonwa na upande mmoja kirudiwe kwenye skrini. Nawasihi hata wale wanaokaa pamoja wajigawe hivi, vyumba viwili au siku mbili tofauti. Hakuna hatua inayosafisha mjadala kama hii.

Hatua ya tatu: daftari la safu nne

Chora mistari mitatu ukurasani upate safu nne. Ya kwanza ni kilichoonekana. Ya pili, kilichosemwa, na nani aliyekisema. Ya tatu, tunachokisia. Ya nne, tulichokuja nacho.

Safu ya kwanza ni ya macho tu. “Damu inamtoka puani Minkowski”, yule ofisa wa mawasiliano wa meli ya Kahana, inaingia. “Minkowski anaumwa ugonjwa ule ule wa Desmond” haiingii, hata kama ni kweli, kwa sababu hiyo ni hitimisho. Mtaona tabu mwanzoni. Akili haipendi kuandika kilichoonekana, inapenda kuandika maana yake. Mshika daftari awe mkali hapa.

Safu ya pili inahitaji jina la msemaji kwa sababu wahusika hukosea na hudanganya. Faraday anaposema tiba ni kitu thabiti, hilo ni neno la Faraday. Halijawa sheria ya ulimwengu wa tamthilia. Tazameni ushahidi alionao mwaka ule: panya mmoja, na panya huyo amekufa. Halafu tazameni kinachofuata: Minkowski, asiyekuwa na kitu cha kumshikilia, anafariki, na Desmond, aliyempata Penny kwenye simu, anatulia. Sasa neno la Faraday limepata mhimili. Mpangilio huu, neno kwanza kisha tukio linaloliunga mkono au kulipinga, ndio unaotakiwa uonekane daftarini.

Safu ya tatu iacheni nyembamba kwa makusudi.

Ya nne ndiyo ninayoipenda zaidi, na makundi mengi huidharau au huichanganya na ya tatu. Humo huandikwa yale ambayo mtazamaji ameyaleta kutoka kwao. Mtu wa Mombasa akimwona Penny amekaa miaka minane akingoja simu ya mwanamume aliyepotelea baharini, hakosi kuwakumbuka wake wa mabaharia waliohesabu pepo, kaskazi ukivuma vyombo vikija, kusi ukishika vikirudi, na chombo kimoja hakimo. Waandishi wa kipindi, Damon Lindelof na Carlton Cuse, sidhani walimfikiria mke wa nahodha wa Mvita. Hilo haliufanyi usomaji wetu kuwa batili. Unabaki kuwa wetu, una safu yake, na hauvai nguo za ushahidi wa nia ya mwandishi. Mkiutenga hivyo mtaweza kuuzungumza kwa uhuru, hata mtu akalia, bila mwingine kumkatiza kwamba hakuna jahazi lolote lililoonekana.

Mkesha wa Krismasi nao ni hivyo. Mwachieni Mkristo aliyemo kundini aeleze usiku ule una uzito gani kwao, usiku wa kungojea kilichoahidiwa, na Waislamu wasikilize. Kundi la Mombasa lina bahati ya kuwa na watu wa dini zote mkekani. Itumieni.

Hatua ya nne: zisomeni ishara, mkianza na majina na namba

Ishara ni za aina nyingi, lakini kwa kuanzia nashauri majina na namba, kwa kuwa zinaweza kuhakikishwa. Rangi, mwanga na vioo mviache mpaka kundi liwe na uzoefu, maana huko kila mtu huona anachotaka.

Majina ya kipindi hiki hayakuokotwa. Hermann Minkowski, mwanahisabati, alitoa mhadhara mwaka 1908 akieleza kwamba nafasi na wakati havitenganiki, ni kitu kimoja chenye pande nne. Hapa Minkowski ni mtu aliyefungwa kitandani, mwili wake hauondoki mahali, akili yake inazurura katika wakati. Michael Faraday aligundua mwaka 1831 jinsi usumaku unavyozaa umeme, na kisiwa cha Lost kina nguvu kubwa ya sumaku-umeme, ambayo Desmond aliwahi kuikabili ana kwa ana. David Hume, mwanafalsafa aliyezaliwa Edinburgh mwaka 1711, alihoji ni nini kinachomfanya mtu awe yule yule jana na leo, ikiwa ndani yake hakuna ila mfululizo wa fikra na hisia zinazopita. Mskoti mwenzake kwenye skrini anapoteza kumbukumbu za miaka minane na kujitazama kwenye kioo asijijue. Na Penelope, katika utenzi wa Wagiriki wa kale, ni mke aliyemngoja mumewe arudi kutoka vitani na baharini miaka ishirini.

Sisi tumezoea kusoma majina. Mtu akijitaja kwa ukoo wake, mzee wa Kibokoni anajua atamuuliza nini kinachofuata. Ila mpaka wa ushahidi wa jina ni huu: jina linaonyesha waandishi walikuwa wakifikiria nini, halionyeshi nini kitatokea. Kutokana na Minkowski mnaweza kudai kwamba wakati ndio moyo wa kipindi. Hamwezi kudai kutokana na jina peke yake kwamba mhusika atafufuka.

Namba zinahitaji uangalifu zaidi. Anayeifuata Lost anazijua zile sita: 4, 8, 15, 16, 23, 42. Ndizo Hurley, mmoja wa waliokwama kisiwani, alizoshindia bahati nasibu, ndizo zilizoandikwa kwenye mlango wa chuma kisiwani. Katika “The Constant” hazitajwi kwa mpangilio wake, lakini tazameni. Chombo cha majaribio cha Faraday kinawekwa kwenye 2.342. Kule mnadani, kitabu cha kumbukumbu cha meli ya Black Rock anachokinunua Charles Widmore, baba yake Penny, ni bidhaa namba 2342. Penny anaishi nyumba namba 423 Cheyne Walk, London. Humo mna 23 na 42, na 423 inabeba 42 na 23 pamoja, zimeshikana kwa tarakimu moja. Hii ni ishara halali, na sababu ni kwamba mwandishi alikuwa na hiari. Chombo cha kubuni kingeweza kuwekwa kwenye namba yoyote ile, wakachagua hiyo, kisha wakaichagua tena.

Sasa chukueni namba ya simu ya Penny, 7946 0893. Wako waliojumlisha tarakimu zake, wako waliozigeuza. Lakini Uingereza ina namba za London zilizotengwa kwa ajili ya michezo ya kuigiza, kuanzia 020 7946 0000 hadi 0999, ili asije mtu halisi akapigiwa simu na maelfu ya watazamaji. Namba ya Penny imo ndani ya fungu hilo. Mwandishi hakuwa na hiari ya tarakimu tano za mwanzo, kwa hiyo hazibebi ujumbe. Swali hilo moja, kwamba mwandishi angeweza kuchagua vinginevyo au la, litawaokoa na nusu ya nadharia mbovu.

Na hapo hapo pana jambo jingine. Mwaka 1996 namba za London zilikuwa na tarakimu saba baada ya msimbo wa eneo. Nane zilikuja mwaka 2000. Penny anampa Desmond namba ambayo wakati ule haikuwepo kwa umbo hilo. Je, ni dalili kwamba historia imechezewa? Kwa maoni yangu hapana, na kanuni ninayoifuata ni kwamba kosa halihesabiwi kuwa ishara mpaka kipindi chenyewe kilirudie au mhusika alishangae. Hakuna anayelishangaa. Andikeni “kosa la watayarishaji” na msonge mbele.

Hesabuni pia zisizolingana. Chombo kile kile kinatikisika kwa hezi 11, na 11 haimo katika zile sita. Rubani anaambiwa ashike mwelekeo wa nyuzi 305, nazo hazimo. Kundi linaloandika zinazolingana tu litaziona namba zake hata kwenye risiti ya duka.

Kuhusu vitu, nitataja kimoja. Baada ya mnada, Widmore anazungumza na Desmond chooni, anampa anwani ya Penny, kisha anaondoka na kuacha bomba likitiririka. Wengine husema ni wakati unaomwagika. Mimi naona dharau: tajiri anayemwonyesha mtu kwamba hata maji si kitu kwake, na Desmond ndiye anayekwenda kulifunga. Usomaji wangu nauegemeza kwenye tabia ya Widmore iliyoonyeshwa msimu wa tatu, alipomnyima Desmond hata funda la wiski ya thamani. Mnaweza kuukataa, lakini mje na tukio.

Hatua ya tano: jengeni nadharia inayoweza kuzama

Nadharia iandikwe kwa sentensi moja. Chini yake viandikwe vitu vitatu: tunaegemea nini, nini kikionekana itakuwa imeanguka, na tutarajie kuona nini vipindi vijavyo. Isiyo na kitu cha kuiangusha si nadharia, ni imani. Ina nafasi yake kwenye safu ya nne.

Mfano mdogo. Kabla ya kummulika panya kwa chombo chake, Faraday anavaa aproni nzito ya kujikinga na mionzi, akisema anafanya jaribio hilo mara nyingi kwa siku. Desmond anamuuliza: kichwani unavaa nini? Faraday hana jibu. Mstari huo unapita upesi. Lakini kipindi kilichotangulia kilimwonyesha Faraday kisiwani akijaribiwa kumbukumbu kwa karata tatu, akapata mbili tu. Nadharia: majaribio yamemharibu akili mwenyewe. Mhimili: aproni, swali, karata. Itaanguka ikionyeshwa kwamba kumbukumbu yake iliharibiwa na jambo jingine kabla ya Oxford. Fupi, safi, na inamfanya mtu amtazame Faraday kwa macho mapya.

Panya naye. Mwaka 2008 mtu aliyekuwa makini angeweza kuandika: Eloise si jina la bahati, ni la mtu aliye karibu na Faraday. Angetarajia mwanamke mwenye jina hilo atokee. Msimu wa tano ukamleta Eloise Hawking, mama yake Faraday, yule yule mama wa duka la vito aliyekataa kumuuzia Desmond pete katika “Flashes Before Your Eyes”, kipindi cha Februari 2007, wakati ambapo jina lake la kwanza halikutajwa. Utabiri wa namna hiyo ndio unaoipa nadharia hadhi.

Mfano mkubwa ni lile swali linalogawa kila baraza: Desmond aliibadilisha historia, au aliitimiza? Wanaosema aliibadilisha wanaelekeza kwenye picha ya mwisho. Faraday yuko kisiwani anapekua daftari lake, anakuta ameandika kwamba jambo likiharibika, Desmond Hume atakuwa ndiye thabiti wake. Anaonekana kama mtu anayeliona kwa mara ya kwanza. Kama Desmond alifika Oxford siku zote, mbona halijui? Wanaosema aliitimiza wana jibu lililo tayari kwenye daftari lenu: Faraday husahau. Aproni haifiki kichwani. Isitoshe, mwandiko ni wa mkono wake, na Penny yuko upande wa pili wa simu, ameingoja, amekuwa akimtafuta miaka mitatu. Wanaongeza maneno ya Bi Hawking kwamba ulimwengu una njia ya kujirekebisha, na mtu mwenye viatu vyekundu anakufa hata ukijaribu kumwokoa.

Mimi niko na hao wa pili. Kinachonivuta ni kwamba kipindi kilitupa sababu ya Faraday kusahau kabla ya kutuonyesha amesahau. Hata hivyo swali la nini kingeuzamisha upande wangu lazima niliandike: angeonyeshwa mtu anayekumbuka historia mbili.

Hatua ya sita: adabu ya ubishi

Aanze kusema aliye mgeni zaidi wa tamthilia, na mzee amalizie. Huku kwetu neno la mzee likishatua, vijana hunyamaza kwa heshima, na mjadala hufa ukiwa mchanga. Mwelezeni mapema ili asione ameachwa. Wazee hukubali wakijua la mwisho ni lao.

Silaha pekee inayoruhusiwa ni ombi la kuonyeshwa. Linavyosikika barazani:

“Ami, sina ubishi nawe, ila nionyeshe pahali.”

“Pahali si pale alipofungua daftari? Mtu hashtuki kwa alichokiandika mwenyewe.”

“Naam. Tukarudishe, tumtazame macho kabla hajafika ukurasa ule.”

Rimoti inafanya kazi, wote wanatazama, na mara nyingi wote wawili hubadilika kidogo. Pasipo pahali, hoja inawekwa kando bila lawama. Msiseme “umekosea”, semeni “haijapata pahali bado”. Mwenye hoja atakwenda kuitafuta nyumbani, na huenda akaja nayo.

Msipige kura. Kura haijui kilichomo kwenye picha, na walioshindwa huacha kuleta hoja zao. Na mtu akiguswa na simu ile ya mwisho, Desmond na Penny wakizungumza kwa pupa betri ikikaribia kwisha, asiulizwe inathibitisha nini. Kundi lingoje.

Hatua ya saba: lifungeni daftari

Kila nadharia iandikwe tarehe na jina la kundi, si la mtu, ili ikianguka isimwangukie mmoja. Acheni nusu ukurasa mtupu chini yake kwa ajili ya yatakayoonekana baadaye. Daftari likae kwa mmoja asiyesafiri sana, na safu ya kwanza isifutwe hata mkibadilisha kila kitu kwenye ya tatu.

Kwa kikao kinachofuata, tazameni “Flashes Before Your Eyes”, kipindi cha nane cha msimu wa tatu. Nacho kinampeleka Desmond mwaka 1996. Nendeni na daftari hili hili, mtafute kwanza kama lipo jambo Desmond wa kipindi kimoja analijua na wa kipindi kingine halijui. Simamisheni kwenye duka la vito, mwandike kila neno la Bi Hawking kwenye safu ya pili na jina lake kando, kabla mtu yeyote hajasema anamwamini.